Kabla ya kwenda Ulaya, hesabu siku zako mwenyewe

Tiketi yangu ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa ya tarehe 13 Desemba. Stika ya viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ilionyesha mwisho ni 24 Desemba, basi nikatulia, nikijua nina siku za kutosha na kubaki. Binti yangu anayeishi Uholanzi ndiye aliyenishtua kwenye simu: "Mama, hebu isome tena hiyo viza. Usiangalie tarehe, angalia idadi ya siku."

Nikavaa miwani. Tarehe zilikuwa mbili, 10 Novemba na 24 Desemba. Pembeni kidogo, kwa maandishi yaleyale madogo, palikuwa na namba 30.

Tafadhali, msomaji wangu, ishike hapo. Tarehe mbili za viza zinakuambia ni lini unaruhusiwa kuwa huko. Ile namba ndiyo inayokuambia utakaa siku ngapi. Zile siku 15 zinazozidi hizo 30 huwekwa ili safari ikisogea mbele au nyuma usikwame, si za kuongeza kukaa. Nikashusha kalenda ukutani, nikaanza kutia alama kwa kalamu. Siku ya kuingia inahesabiwa, hata ukitua saa nne usiku, na siku ya kutoka inahesabiwa vilevile. Nikiingia 12 Novemba, siku ya thelathini ni 11 Desemba. Tiketi yangu ilikuwa ya siku ya thelathini na mbili. Nililipa kuibadilisha, na hela hiyo iliniuma.

Zamani afisa alipekua kurasa akitafuta mihuri, akahesabu mwenyewe, na muhuri uliofifia ulimpita. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi 29 za Ulaya zimeanza mfumo wa kielektroniki uitwao EES, unaoandika saa na mahali ulipoingia na ulipotoka, kisha unapiga hesabu wenyewe. Mpango ulikuwa uenee kwenye mipaka yote kufikia 10 Aprili 2026, na mihuri iachwe. Mimi nilipita katikati ya mpito: nilipigwa picha, na muhuri nikagongewa pia. Ireland na Cyprus hazimo kwenye mfumo huo.

Mpakani kwenyewe hapatishi. Afisa alinielekeza nitazame kamera, nivue miwani, na nisogeze mtandio kidogo paji la uso lionekane. Hakuniambia niuvue. Kisha vidole vinne juu ya kioo. Sisi tunaoingia kwa viza, alama zetu zilishachukuliwa siku ya maombi, kwa hiyo pale huwa zinalinganishwa. Vyangu vilikataa mara mbili. Nina miaka mingi kwenye cherehani, na baridi ya ndege ilikuwa imevikausha. Nikavipuliza, nikavisugua, nikabonyeza taratibu, vikakubali. Kama kazi yako ni ya mikono, pakaa mafuta siku kadhaa kabla ya safari, ila siku yenyewe vifute vizuri. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, picha tu.

Mashine haijaondoa maswali. Niliulizwa nafikia kwa nani na narudi lini. Nilikuwa nimechapisha barua ya mwaliko, tiketi na bima ya safari, vyote kwenye bahasha moja mkononi. Usiviache kwenye simu, chaji huisha foleni ikiwa bado ndefu. Na kama unabadilisha ndege, ukaguzi huu unafanyika kwenye nchi ya kwanza ya Schengen unayotua. Anayekwenda Amsterdam kupitia Frankfurt anakaguliwa Frankfurt, kwa hiyo saa moja ya kuunganisha ndege inaweza isitoshe.

Jambo linaloniumiza ni matapeli. Kuandikishwa kwenye EES ni bure, na kunafanyika mpakani. Hakuna wakala wa kukuandikisha, hakuna ada ya kutuma kwa simu. Kibali kingine wanachokitangaza, ETIAS, ni cha watu wasiohitaji viza. Mtanzania na Mkenya wenye pasipoti za kawaida hakiwahusu. Mtu akikuomba hela, mkatie simu.

Wenye viza ya kuingia mara nyingi wana hesabu nyingine: siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Hizo 180 hazianzi Januari wala siku ya viza. Chukua siku unayotaka kuwa huko, rudi nyuma siku 180, jumlisha siku zote ulizokaa ndani ya eneo la Schengen. Binti yangu, akiwa Uholanzi, hayumo kwenye hesabu hii kwa sababu ana kibali cha ukaazi.

Tarehe 11 Desemba nilitoka. Kumbukumbu zangu zitakaa kwenye EES miaka mitatu. Mtu ambaye kutoka kwake hakukuandikwa, zake hukaa mitano. Ndiyo maana kipande changu cha kupandia ndege, ushahidi kwamba nilitoka, sikukitupa. Nimekibana ndani ya pasipoti, na kabla wino wake haujafifia nimekipiga picha, nikamtumia binti yangu anitunzie.