Gari la kasi la zamani na mwili wako

Huenda wewe mwenyewe, ndugu yako au kijana wako ni miongoni mwa wanaoyaenzi magari ya kasi yaliyoundwa miaka ya 1990. Hapa kwetu linalopendwa mno ni Subaru Impreza, hasa ile yenye turbo. Mapenzi hayo hayakuzuka bure. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiendesha Impreza, na watoto waliosimama kando ya barabara wakipigwa na vumbi mwaka huo ndio watu wazima wanaoyanunua magari hayo leo. Sina nia ya kumkataza mtu gari lake. Leo nataka tujifunze kinachoupata mwili wakati gari kama hilo linapogonga kitu, na ni yapi mwenyewe anaweza kufanya kabla ya siku hiyo.

Madaktari wanaotibu majeruhi hutueleza kwamba katika ajali moja mna migongano mitatu. Kwanza gari hugonga kitu, tuseme lori au nguzo ya daraja. Kisha mwili wako, ambao bado unakwenda kwa mwendo ule ule wa gari, hugonga mshipi, usukani au kioo. Mwisho viungo vya ndani hugonga kuta za mwili: ubongo hugonga fuvu, moyo na mapafu hugonga mbavu, ini na wengu huvutwa mpaka vikachanika. Mgongano huu wa tatu ndio unaoua watu wengi ambao kwa nje hawana hata mkwaruzo.

Ili uelewe nguvu tunayozungumzia, fikiria mtu aliyeanguka kutoka ghorofani. Kugonga ukuta ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani orofa ya tatu. Ukiongeza mwendo hadi 100, urefu huo hauwi mara mbili bali mara nne. Sasa unaanguka kutoka orofa ya 13. Impreza WRX ilipotolewa mwaka wa 1992 ilikuwa na injini yenye nguvu za farasi 240 ndani ya gari jepesi, kwa hivyo kufikia mwendo huo halikuwa jambo la dakika nyingi.

Kinachoamua kama utapona ni umbali ambao mwili wako unapewa ili usimame. Hapa ndipo utawasikia watu wakisema kwamba magari ya zamani yalikuwa chuma kweli kweli, haya ya leo ni makopo, yakiguswa tu yanabonyea. Usemi huo umewadanganya wengi. Sehemu ya mbele ya gari la kisasa imeundwa makusudi ili ibonyee na kuimeza nguvu ya ajali, huku chumba cha abiria kikibaki imara. Tuseme unakwenda kilomita 60 kwa saa na mwili wako unapata sentimita 60 za kusimama. Utabanwa na nguvu iliyo mara 24 ya uzito wako. Ukipata sentimita 10 pekee, nguvu hiyo inapita mara 140, na hakuna kifua kinachoistahimili.

Wazo hilo lenyewe si geni. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alilitumia katika magari yaliyotoka mwaka wa 1959, na mwaka huo huo Volvo ikaanza kuweka mshipi wa pembe tatu uliobuniwa na Nils Bohlin. Magari ya miaka ya 1990 yalikuwa nayo yote mawili. Kasoro yao ni chumba cha abiria. Mengi yaliundwa kabla ya shirika la Euro NCAP kuanza kutangaza matokeo ya majaribio ya ajali mwaka wa 1997, na baadhi hukunjika pale pale anapoketi dereva.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ni wa Nissan. Wengi mwaikumbuka Sunny B13. Huko Mexico gari hilo liliendelea kuuzwa kwa jina la Tsuru kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka wa 2016 wataalamu waliligonganisha uso kwa uso, nusu kwa nusu, na Nissan Versa mpya, mwendo wa magari yote mawili ukijumlishwa kuwa kilomita 129 kwa saa. Chumba cha Tsuru kilivunjika, na vipimo vya sanamu iliyokuwa kwenye usukani vilionyesha kwamba dereva angekufa. Wa Versa angetoka hai. Tsuru lile lilikuwa la 2015, halina hata chembe ya kutu.

Lako je? Kanuni za KEBS haziruhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8, kwa hivyo Impreza ya 1998 unayoiona mjini imeshakaa kwenye barabara zetu miaka mingi, na huenda imepitia kwa mafundi wa bodi zaidi ya mara moja. Inua zulia la sakafuni. Chunguza vizingiti vya milango kwa ndani, na mahali mishipi ilipofungiwa. Kutu au alama za kuchomelewa sehemu hizo maana yake chumba kimepoteza uimara wake. Rangi mpya haiponyi kitu, ingawa muuzaji atakusifia hiyo kwanza.

Mshipi nao huzeeka. Wakenya wengi walijifunza kuufunga mwaka wa 2004 kwa kanuni za marehemu John Michuki, lakini wachache huukagua. Uvute wote hadi mwisho. Ukiwa umechakaa pembeni, umekauka kwa jua, au hauvutiki kurudi wenyewe, ubadilishe. Uliowahi kushika mtu katika ajali kubwa haufai tena hata ukionekana mzima. Mkanda wa chini ukae kwenye mifupa ya nyonga. Ukikaa tumboni utakata utumbo, na kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi.

Vijana hupenda kung'oa usukani wa kiwandani na kuweka ule mdogo wa mashindano. Pamoja na usukani huo hutoka mfuko wa hewa, kama gari lilikuwa nao. Wengine huweka mabomba ya chuma ndani kama ya magari ya rali, wakisahau kwamba dereva wa rali huvaa helmeti. Kichwa kitupu kikigonga bomba hilo, afadhali lisingekuwapo. Mahali pa kuegemeza kichwa pia pasiondolewe. Sehemu yake ya juu ilingane na utosi wako, la sivyo ukigongwa kutoka nyuma shingo itarushwa na kuteguka.

Kuna jambo jingine kuhusu mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyotiwa katika mamilioni ya magari ya miaka ya 2000, Subaru zikiwemo. Kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, kisha mfuko unapofunguka hurusha vipande vya chuma usoni. Zaidi ya watu 20 wamekufa duniani. Wewe unayeishi Mombasa, ambako joto na unyevu haviishi, peleka nambari ya chasisi kwa wakala wa gari lako akuangalilie kama limo katika orodha ya yanayopaswa kurekebishwa.

Mtoto usimpakate. Katika ajali ile ya kilomita 60 niliyoitaja, mtoto wa kilo 10 hugeuka mzigo wa kilo 240, karibu magunia matatu ya mahindi. Hakuna mama wala baba awezaye kuushika. Mfungie kwenye kiti chake, nyuma.

Ikiwa ajali imekwisha kutokea na umetoka kwa miguu yako, usikimbilie kubishana juu ya taa iliyovunjika kisha ukaenda nyumbani kulala. Wengu uliopasuka unaweza kuvuja damu polepole kwa saa nyingi. Nenda hospitali mara moja ukiona alama ya mshipi kifuani au tumboni, ukipata maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, kizunguzungu, kutapika au usingizi usio wa kawaida. Mweleze daktari gari lilikuwa la mwaka gani, lilikwenda kwa kasi gani, na usukani ulikuwa umesogea kiasi gani.