Usihukumu Kabla Hujauliza

Somo la wiki: Kutoka 23:1-3, Kumbukumbu la Torati 19:15-19, 1 Wafalme 21:1-16



Ijumaa jioni vijana wetu waliniomba niketi nao watazame filamu, halafu tuizungumzie. Nilikubali shingo upande, manake najua baadhi ya wazee wangu hawapendi kusikia kanisa na sinema zikitajwa kwa pumzi moja. Lakini niwaambie ukweli, nilitoka pale nikiwa nimehubiriwa. Nusu ya somo la leo imetoka kwenye filamu hiyo. Nusu nyingine imetoka katika maisha yangu mwenyewe, mahali ambapo sipendi kupataja.

Filamu yenyewe inaitwa Just Mercy, ya mwaka wa 2019. Inasimulia kisa cha kweli kilichotokea Marekani, katika jimbo la Alabama, mji mdogo unaoitwa Monroeville. Tarehe 1 Novemba 1986, siku ya Jumamosi asubuhi, msichana Mzungu wa miaka 18 aliuawa kwa risasi ndani ya duka la dobi alikokuwa akifanya kazi. Mji ukashikwa na hofu. Miezi ikapita bila mtu kukamatwa, watu wakaanza kumnung'unikia mkuu wa polisi. Mwezi wa Juni 1987 wakamkamata Walter McMillian, mtu Mweusi aliyefanya biashara ya kukata miti.

Sasa sikizeni vizuri. Asubuhi hiyo ya mauaji McMillian alikuwa nyumbani kwake. Familia yake ilikuwa inakaanga samaki na kuwauzia watu ili kuchangia kanisa. Si mnajua mambo haya? Ni kama sisi tulivyouza chapati na maharagwe pale nje kutafuta pesa za hema. Watu walikuja wakala, wakapiga gumzo, wakaenda. Waliomwona walikuwa wengi, na wengi wao watu wa kanisa.

Kesi ilisikizwa Agosti 1988. Ilichukua siku moja na nusu tu. Upande wa mashtaka ulimtegemea shahidi mkuu mmoja, Ralph Myers, mtu aliyekuwa na kesi yake nyingine ya mauaji. Huyu alidai kwamba yeye ndiye aliyemwendeshea McMillian gari hadi dukani. Wale waliokuwa kwenye samaki wakapanda kizimbani wakasema alikuwa nyumbani. Huko Marekani raia kumi na wawili, wanaoitwa juri, ndio wanaoamua kama mtu ana hatia. Kwenye juri hiyo kumi na mmoja walikuwa Wazungu, mmoja tu Mweusi. Ushahidi wa watu wa kanisa, waliokuwa Weusi, ukawekwa kando. Neno la Myers ndilo lililoaminiwa. Juri ikapendekeza kifungo cha maisha, lakini jaji akaipiku, akatoa hukumu ya kifo. Na kabla ya hapo, hata kesi haijaanza, walikuwa wamekwisha kumfungia pamoja na watu wanaongoja kuuawa. Hebu fikiria hilo.

Baadaye kijana wakili, Bryan Stevenson, ambaye hakuwa hata amefika miaka 30, akaichukua kesi hiyo. Stevenson mwenyewe alilelewa kanisani. Alifanya nini cha ajabu? Aliuliza. Yeye na wenzake waliwauliza watu ambao walipaswa kuulizwa tangu mwanzo. Wakapata kwamba mashahidi walisema waliliona gari la McMillian pale dukani, pikapu yake iliyoshushwa chini, kumbe gari hilo lilishushwa miezi kadhaa baada ya mauaji. Fundi aliyelitengeneza alikuwepo. Wakapata kanda ya sauti ya polisi, Myers akisikika analalamika kwamba analazimishwa kumtaja mtu asiye na hatia. Kanda hiyo ilikuwa mikononi mwa polisi wakati wote. Mwishowe Myers mwenyewe alisimama mahakamani akasema alidanganya. Hata hivyo jaji wa kule alikataa kuitengua hukumu, ikabidi waende mahakama ya rufaa. McMillian aliachiliwa tarehe 2 Machi 1993, baada ya karibu miaka 6.

Mchungaji, hiyo inatuhusu nini sisi? Twende kwenye Neno.

1. Uongo mmoja hauwezi kumwangusha mtu bila wasaidizi

Fungua 1 Wafalme 21. Ahabu analitaka shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi anakataa, ni urithi wa baba zake. Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme na kuzipiga muhuri. Sasa ukisoma pole pole utaona kitu cha kutisha. Kesi ya Nabothi haikukosa kitu kwa nje. Kulikuwa na wazee. Kulikuwa na mashahidi wawili, kama torati ilivyotaka. Hata mfungo ulitangazwa! Mtu akipita pale angesema, hawa ni watu wa Mungu, wanafuata utaratibu.

Yezebeli alikuwa mmoja. Lakini ili Nabothi afe, ilibidi wazee wanyamaze, mashahidi wakubali, na watu wa mji waokote mawe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Hawa mashahidi wawili wametoka wapi?" Monroeville ilikuwa vivyo hivyo. Myers alidanganya, ndiyo, lakini aliyemkandamiza adanganye alikuwa mwingine, walioficha kanda ni wengine, na walioona heri kesi iishe upesi ni wengi.

Kutoka 23 inatukataza kueneza habari za uongo, halafu papo hapo inatukataza kufuata umati katika kutenda mabaya. Mungu aliyaweka hayo mawili pamoja kwa sababu anatujua.

2. Dhambi moja ya mtu si ushahidi wa dhambi nyingine

Hapa vijana walibishana sana. McMillian hakuwa mtakatifu. Alikuwa na mke, na alikuwa amekwenda nje na mwanamke mwingine aliyeolewa, Mzungu. Habari hiyo ilikuwa imeenea mji mzima kabla ya mauaji. Hiyo ilikuwa dhambi, siwezi kuipaka sukari. Lakini watu waliruka kutoka hapo hadi kwingine: kama aliweza lile, basi na hili aliweza.

Wapendwa, sisi tunafanya hivyo kila siku. Yule alishawahi kulewa, basi simu iliyopotea kwenye ushirika wa nyumbani ameichukua yeye. Yule dada alizaa kabla ya ndoa, basi lolote litakalosemwa juu yake ni kweli. Kumbukumbu la Torati 19 inawaagiza waamuzi wachunguze kwa bidii jambo lenyewe lililoletwa mbele yao. Sifa ya mtu kijijini haitoshi.

3. Hesabu yangu ilikuwa sahihi

Sasa nifike kwangu. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijawa mchungaji, nilikuwa katika kamati ya vijana ya kanisa jingine. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada yangu ya biashara, najiona mimi ndiye mhasibu wa ufalme wa mbinguni. Tulikuwa tunachanga pesa za safari ya kongamano. Mweka hazina alikuwa dada mmoja mtulivu, mwaminifu. Kukawa na mvua kubwa, safari ikaahirishwa, nikaombwa nikague vitabu.

Daftari lilionyesha tumekusanya shilingi 64,500. Benki kulikuwa na 41,500. Zilipungua 23,000. Dada akasema, "Nililipia basi. Mwenye basi hakuwa na kitabu cha risiti siku hiyo, aliahidi kuniletea." Nikamwambia mbele ya wazee, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba matumizi yasiyo na risiti si matumizi. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyetoa hukumu rasmi. Walimwambia tu apumzike kidogo katika huduma. Mnajua maana ya "pumzika kidogo." Jumapili iliyofuata kila mtu alikuwa anajua. Mama yake, aliyekuwa akiketi mstari wa mbele miaka yote, akaanza kuketi nyuma karibu na mlango. Baada ya mwezi hawakuonekana tena, wote wawili.

Miezi mitatu baadaye simu yangu ikalia. Ni mwenye basi. Anauliza, "Ndugu, mnasafiri lini? Zile elfu ishirini na tatu zenu bado ninazo."

Niliketi chini. Hesabu yangu ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Uongo ulikuwa katika uamuzi nilioutoa kwenye hesabu hiyo.

Nilimtafuta yule dada, nikaenda kwao. Alinikaribisha chai. Nikaomba msamaha, nikaeleza mambo ya risiti, utaratibu, na kadhalika. Alinisikiza hadi nikamaliza. Kisha akasema neno moja tu: "Ndugu, namba ya mwenye basi mlikuwa nayo."

Kweli tulikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa kwenye jalada la lile daftari. Simu moja, ya dakika mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga. Mimi sikumdanganya mtu. Wazee hawakudanganya. Lakini kwa pamoja tulimwondoa mtu nyumbani mwa Bwana. Alinisamehe, na niliwaomba wazee walisafishe jina lake mbele ya kanisa, wakafanya hivyo. Lakini kwetu hakurudi. Anamwabudu Mungu kwingine, na simlaumu.

Ndiyo maana nikitazama filamu ile sikuweza kujiweka upande wa wakili shujaa. Nilijiona nimeketi na ile juri.

Tufanye nini?

Kwanza, mtu akiletwa kwako kwa maneno, uliza: nani alimwona? Yeye mwenyewe anasemaje? Nani hajaulizwa bado? Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayetangulia kusema huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Nikodemo aliuliza swali hilo hilo mbele ya wakuu katika Yohana 7:51. Walimdhihaki, lakini aliuliza.

Pili, simu yako isiwe jiwe la kumpiga Nabothi. Ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya mtu na neno "mwizi" usiupeleke mbele. Na ukisikia barabarani wakipaza sauti "Mwizi! Mwizi!" usiokote kitu, hata kama umati wote umeokota. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa sheria ya nchi inaweza kungoja, mtoto wa Mungu naye angoje.

Tatu, kama wewe ndiye uliyekula samaki, usichoke kusema. Wale mashahidi wa McMillian walikataliwa mara ya kwanza. Hawakubadilisha maneno yao. Miaka ilipita na ukweli wao ukabaki pale pale mpaka ukasikizwa. Mithali 31:8-9 inatutaka tufungue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kujitetea. Ukijua jambo la kumwokoa mtu ukanyamaza kwa sababu ya aibu au kwa kuogopa wakubwa, umeketi na wazee wa mji wa Nabothi.

Nne, yule uliyemhukumu kwa makosa, mwendee. McMillian alifariki mwaka wa 2013, akiwa amepatwa na maradhi ya kusahau. Kuna wakati alidhani bado yuko gerezani akingoja kuuawa. Mlango ulifunguliwa mwaka wa 1993, lakini kuna sehemu yake ambayo haikutoka. Msamaha wako hautarudisha miaka ya mtu, ila kunyamaza kwako kunamwacha ndani.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umesingiziwa, jua kwamba Bwana wetu naye alihukumiwa kwa mashahidi wa uongo, usiku, kwa haraka, huku umati ukipiga kelele. Anakijua kiti hicho ulichokalia. Yusufu alikaa gerezani kwa neno la mke wa Potifa, na Bwana alikuwa pamoja naye mle mle ndani.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika 1 Wafalme 21:8-13, ni watu gani wangeweza kuizuia hukumu ya Nabothi? Kila mmoja angefanya nini?
2. Je, kuna mtu ambaye kanisa au familia yako ilimwambia "apumzike kidogo" bila kumsikiza? Amefikia wapi sasa?
3. Ni simu gani unayopaswa kupiga wiki hii?

Tuombe

Baba, tusamehe kwa mawe tuliyoyaokota bila kuuliza. Tupe masikio ya kusikiza pande zote mbili, na ujasiri wa kusema tulichokiona. Wakumbuke walio rumande na magerezani bila hatia, na uwape watu wa kuwauliza habari zao. Wale waliotoka kwetu kwa sababu yetu, uwaponye, na utupe miguu ya kuwafuata. Katika jina la Yesu. Amina.