Mwanafunzi akibaki nyuma darasani

Mdogo wangu wa Gishubi, barua yako nimeisoma nikairudia. Unafundisha chuo mjini Gitega, mwisho wa wiki unapanda kwa wazazi. Majuzi kijana wa mwaka wa pili alibaki nyuma wenzake walipotoka, akangoja umalize kufuta ubao, kisha akakuuliza kwa sauti ya chini kama na wewe ni mwenzake, yaani unapenda wanaume. Ukamwambia una kikao, ukaondoka. Sasa usingizi huupati.

Hukumsaliti, dogo. Unajua unaishi wapi. Tangu Aprili 2009 sheria ya Burundi inamfunga mtu aliyelala na wa jinsia yake, miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini, au mojawapo ya adhabu hizo. Seneti iliikataa ibara hiyo Februari mwaka ule, Bunge likairudisha, Rais wa wakati huo, Nkurunziza, akatia saini. Juni 2011 Wizara ya Elimu ikaandika kwenye kanuni za shule kwamba mwanafunzi anaweza kufukuzwa kwa jambo hilohilo. Na hapo hapo mjini kwenu, Februari 2023, watu 24 walikamatwa kwenye semina ya shirika linalohudumia wenye virusi vya UKIMWI. Agosti, saba kati yao wakatiwa hatiani. Desemba Rais Ndayishimiye akasema hadharani kwamba wapenzi wa jinsia moja wakipelekwa uwanjani wakapigwa mawe, haitakuwa kosa.

Kwa hiyo anayekwambia ujitangaze ndipo uhesabiwe mkweli, muulize anaishi wapi. Binyavanga Wainaina wa Kenya alijitangaza Januari 2014, nami namheshimu mno kwa hilo. Lakini alikuwa mwandishi anayejulikana dunia nzima, amekwisha kufanya kazi Bard College kule Marekani. Wewe una mkataba wa mwaka mmoja mmoja na mkuu wa idara anayepajua kwenu.

Ila kijana usimwache hewani. Mtafute ana kwa ana, si kwa WhatsApp, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Alichouliza usikijibu. Mwambie hivi: “Mambo yangu ya nyumbani siyaleti chuoni, na ya kwako sitayapeleka popote.” Huenda ana shida kweli, huenda katumwa kukuchimba; maneno hayo yanakufaa kwa hali zote mbili.

Halafu muulize anaendeleaje, anaishi na nani, kuna mtu anayemtisha? Mara nyingi mtoto haanzi na lililomleta. Unakuta kuna mtu ana picha zake, anamwambia atume pesa kwa Lumicash la sivyo atamwambia baba yake. Akituma leo, kesho ataombwa mara mbili. Asitume, asibishane naye, na asiende peke yake popote anapoitwa. Kama kuna mwanasheria mnayemwamini, aende kwake kabla mambo hayajafika polisi.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo: huyo ni mwanafunzi wako. Unamsahihishia kopi, alama zake ziko mkononi mwako. Hata akija kwa mapenzi, hata moyo wako ukimkubali, jibu ni hapana. Ningemwambia vivyo hivyo mwalimu anayemtaka binti wa darasa lake, na hao tunao wengi, wanatembea kifua mbele wala hakuna anayewauliza kitu.

Simu yako nayo. Umeniandikia kwamba ndiyo unayoiunganisha na projekta. Acha! Ujumbe mmoja ukichomoza ukutani mbele ya darasa zima, utamweleza nani? Tumia kompyuta ya idara, au flashi. Na delege wa darasa asiishike simu hiyo, hata akiomba kupiga picha ratiba tu.

Habari ya mama anayeuliza kila Jumapili utaoa lini, tutaizungumza toleo lijalo, maana si wewe peke yako uliyeniandikia. Kwa sasa shughulika na kijana. Kama mna kipindi wiki hii, usingoje yeye akufuate tena.