Kutoka Hijria Hadi Miladia

Thailand huhesabu miaka ya Kibudha. Ukitoa 543 unapata Miladia, kwani zote mbili hufuata jua. Hijria hufuata mwezi, na mwaka wake una siku 354 au 355. Kwa hiyo gawanya mwaka wa Hijria kwa 33, toa jibu katika mwaka huohuo, kisha ongeza 622. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar, ni ya mwaka 500: 500 − 15 + 622 = 1107. Wakati mwingine jibu hupishana kwa mwaka mmoja.

Faida yake? Mwenye duka hapa Dzaleka anayetoa zaka kila Januari huchelewa siku 11 zaidi kila mwaka. Baada ya miaka 33, anadaiwa zaka ya mwaka mzima. Tuhesabu zaka kwa Hijria.