Tarehe Zinapopotosha Grafu: Mhimili wa Wakati na Mfano wa Mvua za Kibwezi

Ikisiri
Makala haya yanaeleza kwa nini tarehe huvurugika zinapochorwa grafu katika lahajedwali, na namna ya kuzirekebisha. Mifano imetolewa Kibwezi, Kaunti ya Makueni, ambako kukosea mwezi ni sawa na kukosea msimu. Hoja yetu ni kwamba hitilafu nyingi hazianzii kwenye grafu bali kwenye seli.

1.0 Utangulizi
Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo hakwepi takwimu. Anayechunguza msamiati wa magazeti mwaka baada ya mwaka, au istilahi za wakulima kwa kufuata misimu, hufika mahali akahitaji grafu yenye tarehe kwenye mhimili wa chini. Hapo ndipo wengi hukwama.

Tumechagua Kibwezi kwa sababu maalumu. Mji huu ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, karibu na vilima vya Chyulu, hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Katika sehemu kubwa ya Ukambani, vuli ndiyo inayotegemewa zaidi na mkulima. Kwa hiyo, grafu inayohamisha mvua ya Novemba hadi Mei humshauri mkulima apande wakati usiofaa.

2.0 Tarehe ni nini machoni pa tarakilishi?
Programu ya Excel haihifadhi tarehe kama tuisomavyo. Huhifadhi idadi ya siku, ikianza na 1 Januari 1900 ambayo ni namba 1. Kwa hesabu hiyo, 5 Novemba 2023 ni 45235. Tunachokiona kwenye seli ni vazi tu. Mwili wake ni namba. Programu ikishindwa kuitambua tarehe, huiacha kuwa matini, na matini hayana nafasi yake kwenye mstari wa wakati.

Dalili ya kwanza huonekana kwa macho. Ikiwa hujabadilisha mpangilio wa safu, namba huegemea kulia na matini huegemea kushoto. Pia, badilisha umbizo la safu liwe la namba: tarehe halisi itageuka kuwa namba kama 45235, ilhali matini yatabaki vilevile.

3.0 Hitilafu nne za kawaida
3.1 Siku na mwezi kubadilishana
Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tarakilishi iliyopangwa kwa desturi ya Marekani hutanguliza mwezi. Ukiandika 05/11/2023 kwa maana ya tarehe tano Novemba, huisoma kuwa 11 Mei, yaani 45057. Kosa hilo ni la siku 178. Ukiandika 25/11/2023, haipati mwezi wa 25, hivyo huyaacha kuwa matini. Matokeo yake ni kwamba siku za 1 hadi 12 huhama kimyakimya (isipokuwa pale siku na mwezi zinapolingana, kama 11/11), na zile za 13 na kuendelea hukataliwa.

Tazama athari yake. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, vuli ya 2023 ilikuja na mvua kubwa za El Niño. Kwa hitilafu hii, sehemu ya mvua hiyo ya Novemba ingeonekana kunyesha Mei.

Kubadilisha umbizo hakutibu, kwa kuwa namba yenyewe imekwisha kukosewa. Dawa bora ni kurudi kwenye faili asilia, kurekebisha mipangilio ya eneo ya tarakilishi, kisha kuingiza data upya. Iwapo faili asilia imepotea, seli zilizogeuzwa hurejeshwa kwa fomula =DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)); zile za matini hutibiwa kwa amri ya Text to Columns, kwa kuchagua mpangilio wa DMY. Usitumie dawa moja kwa magonjwa yote mawili.

3.2 Majina ya miezi kwa Kiswahili
Programu iliyowekwa kwa Kiingereza haitambui “Machi” wala “Agosti”. Ukipanga safu hiyo, utapata mfuatano wa kialfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Hapo Aprili ya masika hukaa bega kwa bega na Desemba ya vuli, na misimu miwili hugeuka kuwa mmoja. Suluhisho si kukiacha Kiswahili. Hifadhi tarehe kwa mtindo wa 2023-11-05, kisha andika majina ya Kiswahili katika safu nyingine kwa ajili ya msomaji.

3.3 Kiangazi kufutika
Mkulima huandika siku za mvua tu. Mhimili ukiwa wa matini, kila ingizo hupewa nafasi sawa, hivyo mvua ya mwisho ya Mei hufuatwa mara moja na ya kwanza ya Oktoba. Ukame wa Juni hadi Septemba hutoweka! Fungua chaguo za mhimili, uchague Date axis, na pengo litajitokeza. Angalia pia kipimo cha msingi: kikiwa cha mwezi ilhali data ni ya kila siku, nukta za mwezi mzima zitarundikana kwenye mstari mmoja wa wima.

3.4 Tarehe za kabla ya 1900
Wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo Kibwezi mwaka 1891, na ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Excel haina namba ya tarehe hizo. Huzichukulia kuwa matini. Anayechora historia ya mji huu hadi kufunguliwa kwa reli mpya mwaka 2017 atumie mwaka pekee kama namba ya kawaida, pamoja na grafu ya mtawanyo. Programu ya LibreOffice Calc huzikubali tarehe hizo bila shida.

4.0 Hitimisho
Tumeonyesha kwamba grafu huwa mwaminifu kwa kile ilichopewa, hata kikiwa kosa. Kabla ya kuamini mchoro wowote, chagua tarehe tatu kutoka kwenye daftari la asili, mojawapo ikiwa na siku iliyo chini ya 13, uzitafute kwenye grafu. Zikikaa mahali pake, endelea. Zikihama, rudi kwenye seli. Mtafiti wa lugha hulinda neno lisipotoke maana. Ni wajibu wake kuilinda na siku isipotoke msimu.