UPANGA WA BABU

Watu wengi wa Iringa na Mbeya wamerithi vitu vya kale kwa wazee wao: mikuki, ngao, shanga, na pengine upanga. Kitu cha urithi hakina kinywa cha kusema. Lakini mtu mwenye subira akikitazama vema, atajua kimetoka wapi. Hebu tufikiri habari ya ndugu wawili, mmoja akaaye Iringa na mwingine Mbeya, walioachiwa upanga na babu yao.

Upanga ule ulikuwa umefungwa katika gunia, juu ya dari. Ndugu mkubwa alisema, "Huu ni upanga wa Waarabu. Walimpa Mkwawa, na Mkwawa akawapa wazee wetu. Tena yuko mnunuzi aliyeahidi fedha nyingi kwa kitu cha Mkwawa."

Mdogo akajibu, "Kaka, mimi nilimsikia babu akisema kwamba aliupata vitani, ng'ambo ya bahari. Tukiuuza kwa jina la Mkwawa, nasi hatuna hakika, tutamsingizia Mkwawa na babu yetu pia."

Maneno yakawa makali, hata wakaacha kula pamoja. Mwisho wakaafikiana kumpelekea upanga mwalimu mmoja mzee, aliyejua habari za silaha.

Mwalimu hakuuliza kwanza ni wa nani. Alisema, "Kwanza tutazame umbo. Maneno ya mkubwa wenu si ya upuzi, kwa maana misafara ya wafanya biashara wa pwani ilifika Uhehe na Usangu katika karne ya 19. Lakini upanga wa Oman na Unguja ulio maarufu umenyooka, una makali pande zote mbili, na mpini wake mrefu hauna kinga ya mkono. Upanga wa Bara Hindi, uitwao talwar, umepinda, na mwisho wa mpini wake pana kisahani cha chuma. Upanga wa Waajemi, uitwao shamshir, umepinda sana, na kichwa cha mpini wake kimeinama upande mmoja. Sasa utazameni wenu."

Wakautazama. Ulikuwa na makali upande mmoja tu, nao umepinda kidogo. Mpini wake uliwatosha mikono miwili. Ulifunikwa ngozi ya samaki aitwaye taa, na juu yake umezungushiwa utepe uliosukwa. Kati ya mpini na bapa palikuwa na kisahani cha kukinga mkono, kimechongwa maua madogo.

"Haya ni maua ya mcheri," akasema mwalimu, "alama iliyotumiwa na jeshi la Japani. Mpini wa namna hii uliamriwa kwa maofisa wa jeshi lile mwaka 1934. Mkwawa alikufa mwaka 1898. Basi mpini huu hakuushika."

Ndugu mkubwa akasema, "Pengine mpini ni mpya, na bapa ni la kale."

"Umeuliza vema," akajibu mwalimu. "Maofisa wengine wa Kijapani walitia bapa la mababu zao katika mpini wa kijeshi. Tutazame ndani."

Akakisukuma polepole kijiti cha mwanzi kinachoushika mpini, akauvua. Ndipo ulipoonekana mkia wa upanga, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini. Ndugu mdogo akanyosha mkono ausugue kwa mchanga, mwalimu akamzuia. "Usisugue! Kutu ya hapa ni ushahidi. Mkia wa upanga wa kale sana ni mweusi, na kutu yake ni laini. Kutu ya huu ni nyembamba, tena nyekundu. Na hapa pana maandishi ya Kijapani na muhuri mdogo."

Wakapiga picha ya maandishi, wakampelekea mtu ajuaye kuyasoma. Jibu likaja: ni jina la mfua panga, na muhuri ni wa wakati wa vita vya pili vya dunia.

Lakini upanga wa Japani ulifikaje Iringa? Ndugu wakafungua sanduku la babu. Walikuta cheti cha kuachishwa jeshi, na nishani ya shaba yenye ncha sita, Nyota ya Burma. Cheti kilitaja kikosi cha 36 cha King's African Rifles. Kikosi hicho cha Tanganyika, pamoja na kile cha 26, kilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 askari hao waliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, katika mvua nyingi na matope na homa, mpaka mto Chindwin. Basi maneno ya babu yalikuwa ya kweli.

Ndugu mkubwa akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimeona haya. Nilitaka kumvika babu sifa ya mtu mwingine, kumbe alikuwa na yake."

Mnunuzi aliposikia kwamba si kitu cha Mkwawa, alikwenda zake. Ndugu wale hawakumfuata. Walipaka bapa mafuta kidogo kwa kitambaa safi, bila kuligusa kwa vidole, maana jasho huleta kutu. Kisha waliandika habari yote katika karatasi, wakaiweka pamoja na upanga, ili watoto wao wasigombane tena.

MASWALI

1. Upanga wa Oman na ule wa Japani hutofautiana namna gani?
2. Mwaka 1934 na mwaka 1898 ilimsaidiaje mwalimu?
3. Kwa nini haifai kusugua kutu ya mkia wa upanga?
4. Je, kwenu kuna kitu cha urithi? Waulize wazee habari zake, uziandike.