Somo la Familia: Usiku wa Kwanza wa Mtoto Kwenye Hema

Likizo ya Agosti inapokaribia, familia za Satellite, Riruta na Kawangware huanza kupanga matembezi. Wengine hutaka kupiga kambi, na wenye mtoto mdogo hujiuliza: twende naye au tumwache kwa shosho? Mtoto anaweza kwenda, lakini mpango wa safari lazima umfuate yeye.

Somo hili ni la mzazi au mlezi mwenye mtoto wa chini ya mwaka 1. Ukilimaliza utaweza kuchagua mahali pa kupiga kambi, kumkinga mtoto na baridi bila kuingiza moto ndani ya hema, na kutambua dalili za kukufanya ufunge safari mara moja.

1. Je, mtoto yuko tayari?

Fungua kitabu chake cha kliniki. Chanjo za watoto nchini Kenya hutolewa anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ile ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Ni vyema kusubiri hadi amalize zile za wiki 14. Ikiwa alizaliwa kabla ya wakati, au ana kikohozi au homa, muulize mhudumu wa kituo chako cha afya kabla ya kulipia chochote.

2. Chagua mahali pa karibu

Kanuni ni rahisi: usiku wa kwanza uwe mahali unapoweza kuondoka saa nane za usiku na kufika hospitalini haraka. Kambi ya skauti ya Rowallan, karibu na Jamhuri, iko kilomita chache tu kutoka Satellite, na Hospitali ya Mbagathi haiko mbali nayo. Uliza mapema kama wanapokea familia na masharti yao ni yapi.

Vilima vya Ngong vinapendwa sana, lakini kilele chake kina mwinuko wa mita 2,460 hivi, na upepo wake ndio unaozungusha mitambo ya umeme tunayoiona kule juu. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Dagoretti Corner, yaliko makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, iko kwenye mita 1,800 hivi. Kwa hivyo kileleni Ngong kunaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 4, kabla hujahesabu upepo. Mwachie mtoto kilele hicho akikua.

Ukienda Naivasha siku nyingine, kumbuka kuwa viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi. Piga hema ndani ya eneo lililozungushiwa ua.

3. Baridi ndiyo adui mkubwa

Julai na Agosti ni miezi ya baridi Nairobi. Usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 11 au chini ya hapo. Mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima kwa sababu mwili wake ni mdogo, na hawezi kukwambia anahisi baridi. Fanya hivi:

• Tandika kitu kinene chini yake. Baridi nyingi hutoka ardhini.
• Mvishe nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, badala ya sweta moja nzito. Ongeza soksi, na kofia ambayo haiwezi kumshukia usoni.
• Badilisha nepi au nguo iliyolowa mara moja.
• Mguse kifuani au nyuma ya shingo, si mikononi. Pakiwa baridi, aongezewe nguo. Akitoka jasho, apunguziwe.
• Akipoa, mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, mjifunike pamoja, na umnyonyeshe. Mama au baba anaweza kumpasha joto hivyo, mradi asilale usingizi akiwa amemshika.

Alale chali, kwenye sehemu yake mwenyewe kando yenu. Usimwekee mto wala blanketi zito linaloweza kumfunika pua.

4. Jiko halilali ndani ya hema

Hapa ndipo uhai ulipo. Habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani na wasiamke si ngeni katika jiji letu. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtoto hupumua haraka kuliko wewe, kwa hivyo humdhuru mapema.

Usidanganywe na makaa yaliyofunikwa majivu. Bado yanatoa hewa hiyo. Usidanganywe pia na hema kuwa ni kitambaa tu, kwa maana likifungwa linaizuia ndani. Jiko la makaa, la mafuta au la gesi lipikiwe nje, liachwe nje. Hata dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe ndani.

Mkiwa ndani na mtu akalalamika kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni wote nje, mtoto wa kwanza, kisha mwende hospitalini.

5. Chakula, maji, jua na mbu

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee. Aliyepita hapo apikiwe chakula kibichi kila mara. Uji uliokaa tangu asubuhi usipewe mtoto jioni. Maji yachemshwe, na sabuni ya kunawa isisahaulike.

Mchana akae kivulini. Usiku tumia neti. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu isitumiwe kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Mnaposafiri kwenda Pwani au eneo la Ziwa Victoria, malaria ni tishio kubwa, na neti yenye dawa ni lazima.

6. Dalili za kufunga safari

Usingoje kupambazuke ikiwa mtoto:

• anakataa kunyonya au kunywa;
• anatapika kila kitu;
• amepata degedege;
• amelegea au haamki vizuri;
• kifua kinabonyea anapovuta pumzi;
• anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au 60 na zaidi akiwa chini ya miezi 2. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia;
• ana homa, au mwili umebaki baridi hata baada ya kupashwa joto.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Beba kitabu cha kliniki na simu yenye chaji, na ujue mapema nani ana gari usiku huo.

Zoezi la nyumbani

Wiki moja kabla ya safari, pigeni hema kwenye ua wa ploti, au lifungueni sebuleni. Mtoto alale humo mchana, kisha usiku mmoja. Andika aliamka mara ngapi na mlichokikosa gizani. Mkishindwa hapo, nyumba iko hatua kumi tu, na hakuna aibu kuahirisha.

Maswali ya kujipima

1. Ni sehemu gani ya mwili unayoigusa kujua kama mtoto anahisi baridi?
2. Kwa nini makaa yenye majivu bado ni hatari?
3. Kutoka mahali mlipochagua, mtafika hospitali ya karibu kwa muda gani, na kwa gari la nani?

Kama swali la tatu halina jibu, safari bado haijawa tayari.